HOTUBA YA IJUMAA: KUMPOKEA ASIYE NA NYUMBA MPAKA APATE MLANGO WAKE

(Karatasi hii ina majina ya Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini, wala usiifungie mandazi. Ukiisha kusoma, mpe jirani.)

KHUTBA YA KWANZA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake. Tunamsifu, tunamuomba msaada na msamaha, na tunajikinga kwake na shari za nafsi zetu. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila anayefuata mwendo wao mpaka siku ya malipo.

Amma baad.

Wandugu Waislamu, wababa na wamama, vijana wa mji wetu wa Goma, assalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Naiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa wazi.

Leo tunasema juu ya mtu asiye na nyumba. Kila anayepita mlango wa mahali pa udhu anaona kwa macho yake: madarasa mawili ya chuo chetu cha Qur'ani yana familia ndani, nguo zimeanikwa dirishani, masufuria yako barazani. Watoto wetu wanasoma uani chini ya bashi, na mvua ikinyesha wanarudishwa nyumbani. Juu ya jambo hili maneno yamekuwa mengi. Kuna wanaosema: msikiti si hoteli, watoke. Kuna wanaosema: waacheni wakae mpaka Mungu atakapofungua. Wote wanasali katika safu moja, na mimi sikubaliani na hawa wala na wale. Tusikilizane kwa utulivu, kwa sababu dini yetu ilikwisha kulijibu jambo hili kabla sisi hatujazaliwa.

NYUMBA NI NEEMA

Katika Sura An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anatuhesabia neema zake, na kati ya hizo anataja nyumba, kwamba amezifanya ziwe mahali petu pa kutulia. Katika aya hiyo hiyo anataja mahema ya ngozi, mepesi kubeba siku ya safari na siku ya kutua. Basi nyumba ya mawe ni neema, na hema ya msafiri ni neema pia.

Neno la Kiarabu lililotumika pale kwa kutulia ni sakan, na kutoka shina hilo sisi tumepata neno maskani. Wanazuoni wa lugha wameliweka neno maskini katika shina hilo hilo. Mwenye maskani ametulia kwa amani. Maskini amesimamishwa na shida, hana nguvu ya kwenda mbele. Ukimtazama mama aliyekaa juu ya mzigo wake na watoto wanne, hajui kama atalala wapi, unaelewa namna gani maneno haya mawili yanakaa karibu.

NAMNA GANI MTU ANAPOTEZA NYUMBA

Wandugu, wako watu wanaodhani asiye na nyumba ni mvivu, au mlevi, au ana laana. Sisi wa Goma tuwe wa mwisho kusema hivyo.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Wafanyabiashara wakubwa na wabeba mizigo walilala nje usiku mmoja, na wengi walivuka mpaka kwenda Gisenyi na mkeka kichwani. Tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka tena, ukaunguza vijiji vya Nyiragongo kama Buhene, ukasimama kabla ya kufika uwanja wa ndege. Siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Tulikwenda Sake, Minova, Bukavu na Rwanda. Wenyeji wa huko walitufungulia nyumba zao, na wengi wao hawakutujua hata majina. Wewe unayesema leo watoke, ulilala kwa nani mwaka ule?

Kisha ikaja vita. Tangu mwaka 2022 watu wa Rutshuru, Masisi na Nyiragongo walijaa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo, katika vibanda vya bashi juu ya mawe ya volkano. Mwezi wa Februari 2025 kambi za pembezoni mwa mji zilivunjwa kwa siku chache tu, na watu wakaambiwa warudi vijijini. Wengine walirudi. Lakini mtu anarudi wapi kama nyumba yake imeungua, shamba lake linalimwa na mwingine, na njia ya kwenda shambani anaiogopa? Huyo ndiye aliyebaki mjini, akihama kila juma kutoka baraza moja kwenda baraza lingine. Tunamuita deplase, na jina hilo likikaa sana mtu anasahau kwamba alikuwa mkulima, mwalimu, au fundi wa kushona.

Lakini volkano na vita siyo sababu pekee. Ziko sababu tatu nyingine zinazotoka mikononi mwetu wenyewe.

Ya kwanza ni garanti. Yuko baba anayeweza kulipa kodi ya kila mwezi kwa kazi yake ya tshukudu, lakini mwenye nyumba anamuomba miezi sita au zaidi kwa mara moja, na komisionere naye anataka mwezi wake. Benki za mjini zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, hata waliokuwa na akiba walishindwa kuitoa. Mtu huyu anakosa chumba akiwa na kazi, kwa sababu ya pesa za mlangoni tu.

Ya pili ni dhuluma kwa wanawake. Mume anakufa, na kabla ya kumaliza matanga ndugu zake wanachukua mabati, kitanda na funguo. Furay'a binti Malik, dada wa Abu Said al-Khudri, alifiwa na mume aliyeuawa, naye hakuachiwa nyumba ya milki. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka kurudi kwa watu wake, naye akamuagiza akae katika nyumba ile ile mpaka eda yake iishe, yaani miezi minne na siku kumi. Baada ya hapo Sura An-Nisaa aya ya 12 inampa mjane fungu lake katika mali: robo kama mume hakuacha mtoto, thumuni kama ameacha. Na aliyeachwa kwa talaka, Sura At-Talaq inakataza asitolewe nyumbani katika eda yake, na inaamrisha apewe makao kwa kadiri ya uwezo wa mume. Wako wanaosali pamoja nasi ambao wamewatoa wanawake usiku. Wajue kwamba wameivunja aya, na kwamba mzigo ule ulioko barazani kwa watu umeandikwa juu ya shingo zao.

Ya tatu ni kusingiziwa. Wako watoto tunaowaita maibobo, waliofukuzwa kwa sababu baba wa kambo au mama wa kambo alisema ni wachawi. Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa aliyeachwa huru. Watu wake walimsingizia kuiba mkanda wa ngozi nyekundu, wakamtesa na kumpekua, mpaka mwewe aliyekuwa ameunyakua akidhani ni nyama alipouangusha mbele yao. Aliwaacha watu wale, akaja kwa Mtume, akasilimu. Je, alilala wapi? Alikuwa na hema yake ndogo ndani ya msikiti wa Mtume. Alikuwa akienda kwa Bibi Aisha kuzungumza, na Bibi Aisha alimsikiliza habari yake mpaka akaijua yote, ndiyo maana sisi leo tunaijua.

Kwa hiyo anayesema msikiti si mahali pa kumweka mtu asiye na nyumba, amjibu kwanza mwanamke huyu.

MTUME (S.A.W.) NA WASIO NA NYUMBA

Nyuma ya msikiti wa Madina palikuwa na mahali palipofunikwa kwa matawi ya mtende, panaitwa Suffa. Hapo walikaa Wahamiaji waliotoka Makka bila mali, wasio na ndugu mjini. Abu Hurayra (r.a.) alikuwa mmoja wao, naye alisimulia kwamba aliwaona sabini kati yao wasio na hata nguo ya juu ya kujifunika mabega. Mtume akiletewa sadaka aliipeleka kwao yote. Akiletewa zawadi aliila pamoja nao. Na jioni aliwaagiza Masahaba kwamba mwenye chakula cha wawili achukue wa tatu, na mwenye chakula cha wanne achukue wa tano au wa sita. Sayyidna Abu Bakr alichukua watatu kwake.

Hebu tazameni vizuri. Watu wa Suffa hawakufukuzwa, na hawakusahauliwa pale pia. Walifundishwa Qur'ani, walitafutiwa chakula, walitumwa kazi, na kila aliyepata njia alitoka, nafasi yake ikachukuliwa na mwingine. Idadi yao ilipanda na kushuka. Abu Hurayra aliyekuwa akianguka kwa njaa kati ya mimbari na chumba cha Bibi Aisha, siku za Sayyidna Umar alikuwa gavana wa Bahrain. Na Hadithi alizozikusanya katika miaka yake ya pale, umma wote unazitumia mpaka leo.

Tazameni vilevile undugu ambao Mtume aliufunga kati ya Wahamiaji na Ansari. Saad bin Rabii alimwambia Abdur-Rahman bin Auf achukue nusu ya mali yake. Abdur-Rahman alimuombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Alianza kwa siagi na jibini. Mwenyeji alitoa kwa moyo wote, na mgeni akatafuta njia ya kusimama kwa miguu yake. Mambo hayo mawili yanahitajika pamoja.

Na Mtume mwenyewe alikuwa mgeni katika nyumba ya mtu. Alipofika Madina alikaa kwa Abu Ayyub al-Ansari muda wa miezi karibu saba, mpaka msikiti na vyumba vyake vikajengwa. Hakuna mgeni bora kuliko yeye, na hakuna mwenyeji aliyefurahi kuliko Abu Ayyub. Hata hivyo kukaa pamoja kulikuwa na uzito wake. Mtume alikaa chini, na mwenyeji na mkewe juu. Usiku mmoja mtungi wa maji ulivunjika, wakaufuta haraka kwa blanketi lao la pekee, wakiogopa maji yasimtonekee Mtume. Kama nyumba ya Abu Ayyub ilibana hivyo, nyumba yako ya mbao ya vyumba viwili, yenye watu wako wanane na wageni tisa, itakosaje kubana?

SIKU TATU, NA BAADA YA SIKU TATU

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka, na tena si halali kwa mgeni kukaa kwa mwenyeji wake mpaka akamtia katika dhiki. Wazee wetu wa Kiswahili nao walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wanaitumia methali hii kumfukuza mtu. Lakini sikilizeni methali inavyosema: mpe jembe. Aliyepewa jembe amepewa kazi, na nafasi ya kulima, na mategemeo ya kuvuna. Anayemwambia mgeni wake aondoke bila jembe ameitumia nusu ya methali tu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wa kwanza na wale wa pili. Wanaosema watoke leo wanawatoa bila jembe. Wanaosema wakae mpaka Mungu afungue wanawaacha katika siku ya tatu milele, bila mlango wa kufunga, bila anwani, mama anabadili nguo nyuma ya kitambaa, watoto wanaitwa watoto wa msikiti. Sura An-Nur aya ya 27 inatukataza kuingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi na kutoa salamu. Je, mtu anayelala darasani, ambaye kila mmoja wetu anapita mbele yake akienda udhu, ni nani anayembishia hodi? Heshima hiyo Mwenyezi Mungu amempa, na hawezi kuipata mpaka awe na mlango wake.

Mwislamu anayempokea asiye na nyumba ana kazi mbili. Kwanza amfungulie mlango wake. Kisha atembee naye mpaka mlango wa kwake mwenyewe. Kazi ya kwanza Goma inaijua sana. Ya pili ndiyo iliyobaki.

Nasema maneno haya, na ninamuomba Mwenyezi Mungu msamaha wangu na wenu. Muombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwenye kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Wandugu, baraza la msikiti limekaa mara tatu juu ya familia zilizo chuoni. Limesikiliza kila familia peke yake, wanawake wakisikilizwa na wamama wa jumuiya. Mambo haya ndiyo yaliyokubaliwa, na tunawaomba mtusaidie.

1. Kila familia itapewa muda wa miezi minne. Hakuna atakayetolewa kesho, na hakuna atakayeachwa bila tarehe. Tarehe imeandikwa na mashahidi wametia sahihi, kama Sura Al-Baqara aya ya 282 inavyotufundisha kuandika mapatano yetu. Mwisho wa muda ukifika na njia haijapatikana kwa sababu ya ugonjwa au udhuru wa kweli, baraza litakaa na familia hiyo tena.

2. Tumeanzisha sanduku la garanti. Sanduku litampa mwenye nyumba garanti mkononi, mbele ya mashahidi, kwa jina la jumuiya. Pesa hizo ni za jumuiya. Siku familia itakapohama, mwenye nyumba atazirudisha sandukuni, nazo zitamsaidia mwingine. Hivyo dola zile zile zinaweza kuwaingiza watu ndani ya nyumba mwaka huu, na wengine mwaka ujao. Kumbukeni kwamba Mwenyezi Mungu anaita jambo kama hili mkopo mwema, na anaahidi kulizidisha.

3. Kodi ya miezi miwili ya kwanza itatoka kwetu yote. Mwezi wa tatu itatoka nusu. Mwezi wa nne familia italipa yenyewe. Kwa hiyo kila familia itasaidiwa mtaji mdogo au kazi tangu juma la kwanza, bila kungojea siku ya kuhama: makala, unga, samaki wa Kituku, kushona, kubeba mizigo katika soko la Virunga. Tunao mafundi katika safu zetu. Kila fundi amchukue kijana mmoja.

4. Karatasi. Wengi walipoteza kadi ya uchaguzi, na bila kitambulisho hakuna mwenye nyumba anayewaamini, hata kutuma pesa kwa simu ni shida. Vijana wetu wanaosoma sheria watawasindikiza kartie mpaka wapate karatasi ya kuthibitisha kwamba vitambulisho vimepotea. Watoto wataandikishwa shuleni pamoja na chuoni.

5. Wenyeji. Msisahau kwamba wengi wasio na nyumba hawako msikitini, wako katika nyumba zenu. Wamama wa jumuiya watatembelea nyumba zilizopokea watu, na watampelekea mwenyeji unga, makala na bidoni ya maji. Mwenyeji akisaidiwa, mgeni hapati maneno ya usiku. Na mwenyeji ajihadhari na masimango: Sura Al-Baqara aya ya 264 inatuonya kwamba sadaka inabatilika kwa kusimanga na kuudhi.

Juu ya zaka, mmeuliza kama inaweza kuingia katika sanduku hili. Sura At-Tauba aya ya 60 imewataja wanaostahili zaka, wakiwemo mafukara, maskini, wenye madeni na msafiri aliyekwama. Hao tunao hapa. Lakini zaka ni mali yao, wanapewa iwe yao kabisa. Kwa hiyo kodi na mtaji wa Mwislamu anayestahili tutampa kutoka zaka, mkononi mwake. Sanduku la garanti, kwa kuwa pesa zake zinarudi kwa jumuiya, litajazwa kwa sadaka tu. Hesabu zake zitabandikwa mlangoni kila mwezi, ila majina ya familia hayataandikwa.

Mmeuliza pia juu ya familia mbili zilizo chuoni ambazo ni Wakristo. Jibu ni fupi. Sura Al-Mumtahina aya ya 8 haitukatazi kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita juu ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Watasaidiwa kama wengine, kutoka katika sadaka. Na mtu asiwaambie wasilimu ili wapate chumba. Imani haiuzwi kwa garanti.

NENO KWA WENYE NYUMBA NA MAKOMISIONERE

Ewe ndugu mwenye nyumba za kupangisha, mali yako ni halali, na kodi yako ni haki yako. Hakuna anayekunyang'anya. Lakini sheria ya nchi yetu, namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, imeweka kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi 3. Anayeomba sita au kumi amevuka sheria, na amemfungia mlango mtu ambaye angemlipa vizuri. Na mpangaji wako akichelewa kwa dhiki ya kweli, Sura Al-Baqara aya ya 280 inakuamrisha umpe muda mpaka apate nafasi, na ukimsamehe ni bora kwako. Tunaomba kila mwenye nyumba katika jamaa hii atoe chumba kimoja tu kwa mpango huu, kwa garanti ya miezi mitatu au chini yake. Jumuiya itakuwa mdhamini wako.

Na wewe komisionere, haki yako ni ya kazi uliyofanya. Usionyeshe chumba kimoja kwa watu watano na kula pesa za wote.

Mwenye kiwanja kisicho na kazi, amkumbuke Sayyidna Umar (r.a.). Alipata shamba Khaybar, akasema hajawahi kupata mali anayoipenda zaidi. Mtume alimuelekeza alizuie shina lake na kuyatoa matunda yake sadaka, nalo likawa waqfu, halikuuzwa wala kurithiwa, na kati ya waliokula matunda yake ni mafukara, wasafiri na wageni. Hapa kwetu kuchimba msingi na choo ni kupasua jiwe, ndiyo maana mtu mmoja peke yake anachoka. Lakini vyumba vinne vya mbao na mabati kwenye kiwanja cha waqfu vingetosha kuwa nyumba ya kupitia, ili siku nyingine ya shida ikija, watoto wetu wasitolewe darasani tena.

NENO KWA FAMILIA ZILIZO CHUONI

Wapendwa wetu, ninyi mnatusikia kupitia dirishani. Msione haya. Wahamiaji wa Makka waliotolewa majumbani na katika mali zao wametajwa kwa sifa katika Sura Al-Hashr aya ya 8, kabla ya Ansari waliowapokea, ambao wametajwa katika aya ya 9. Aliyetolewa ametangulia kutajwa, mwenyeji amefuata.

Tunawaomba mambo mawili. Mtuambie ukweli wa hali yenu, deni mnalodaiwa, ugonjwa, ndugu mlio nao, ili mpango uwe wa kweli. Na kila mwenye nguvu ashike kazi atakayoipata, hata ndogo. Mtume amesema kwa maana hii, kwamba mtu kuchukua kamba yake na kubeba kuni mgongoni ni bora kuliko kuwaomba watu, wakimpa au wakimnyima. Siku mtakapohama, tutabeba mizigo yenu kwa mabega yetu, na tutakuja kubisha hodi mlangoni kwenu kama wageni.

Jumapili hii baada ya swala ya Alasiri tukutane hapa msikitini, wenye nyumba, mafundi, wafanyabiashara na wamama wa jumuiya. Asiye na dola aje na nyundo. Asiye na nyundo aje na habari ya chumba kilicho wazi katika avenyu yake.

DUA

Ee Mwenyezi Mungu, wape makao waliotolewa majumbani mwao, na uwarudishe vijijini kwa amani wanaotaka kurudi. Ee Mola wetu, wapanulie wenyeji waliobanana na wageni wao, na usiwafanye wajutie wema wao. Walinde wajane na yatima na dhuluma za jamaa zao. Laza moto wa mlima wetu, na uzime moto wa vita katika nchi yetu ya Kongo. Tusamehe sisi, na wazazi wetu, na Waislamu wote, walio hai na waliokufa. Tupe makao mema duniani, na nyumba huko Peponi.

Amin. Wa akimus-swala.